Salio la Mkulima Halitoki kwenye JOIN

Mhadhara kwa watunza hesabu wa vyama vya ushirika na vijana wa kanzidata, Dodoma

Mbukwenyi! Wakubwa zangu, shikamooni. Nimeombwa nisirefushe, maana wenzetu wa Kongwa wana safari, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye zabibu.

Tuchukue mkulima mmoja wa Hombolo, wa kubuni, tumpe namba 17. Huu ni mvuno wa Agosti. Kaleta mzigo mara tatu: tarehe 4 wenye thamani ya shilingi 400,000, tarehe 11 wa 250,000, tarehe 18 wa 350,000. Chama kimemlipa mara mbili: 300,000 tarehe 12, na 200,000 tarehe 25. Anakuja dirishani na maswali mawili. Nawadai kiasi gani? Na imekuwaje mpaka tukafika hapo? La pili ndilo gumu. Anataka kuona kila mstari na salio lake pembeni, vile karani wa zamani alivyojaza daftari: mzigo umeingia, salio limepanda, pesa imetoka, salio limeshuka.

Kwenye kanzidata habari hizi zimekaa mbalimbali: jedwali la wakulima, jedwali la mapokezi, jedwali la malipo. Kijana aliyefundishwa kwamba dawa ya majedwali yaliyotengana ni JOIN, amri ya kuoanisha mistari ya jedwali moja na ya jingine, anaunganisha wakulima na mapokezi kwa namba ya mkulima, kisha anaunganisha na malipo kwa namba hiyohiyo. Kwerii, yaani swali analoiuliza kanzidata, inakimbia bila kosa hata moja. Sasa hesabuni pamoja nami.

Mizigo mitatu, malipo mawili. Kanzidata haijui malipo ya tarehe 12 yalikuwa ya mzigo upi. Umeiambia tu namba 17 ikutane na namba 17. Basi kila mzigo unakutana na kila malipo, na inatoka mistari sita. Mapokezi yanasomeka 2,000,000 badala ya 1,000,000. Malipo yanasomeka 1,500,000 badala ya 500,000. Toa, unapata 500,000.

Na salio la kweli ni ngapi? 1,000,000 toa 500,000. Ni 500,000 ileile!

Naona mzee pale nyuma anacheka. Tarakimu hizi nimezipanga makusudi. Salio limekubali kwa sababu mapokezi ni mara mbili kamili ya malipo, hakuna sababu nyingine. Malipo ya pili yangekuwa 100,000, salio la kweli lingekuwa 600,000 na kompyuta ingesema 800,000. Hivi ndivyo kwerii mbovu inavyofaulu majaribio: inajaribiwa kwa mkulima mmoja, jibu linakubali, kisha inapelekwa kulipa watu. Ongeza jedwali la mikopo ya pembejeo lenye mistari miwili kwa mkulima huyo, ile sita inakuwa kumi na mbili.

Akishaona hesabu zimevimba, mtu anakimbilia SUM(DISTINCT thamani), yaani kila thamani ijumlishwe mara moja tu. Tafadhali msifanye hivyo. Mkulima akileta mizigo miwili ya 250,000, mmoja unamezwa, na huyo mkulima hatakuelewa ukimwambia ni DISTINCT. Tena JOIN ya kawaida inamfuta kabisa aliyeleta mzigo lakini hajalipwa hata senti, ambaye ndiye mwenye haki ya kupiga kelele kuliko wote. LEFT JOIN inamrudisha, ila malipo yake yanakuwa NULL, yaani pengo lisilo na thamani, na 400,000 toa NULL ni NULL.

Sasa rudini kwenye daftari la karani. Hakuwa na kurasa mbili za kuoanisha. Alikuwa na foleni moja ya matukio kwa tarehe, kila tukio mstari wake. Nasi tufanye hivyo: mapokezi na malipo tusiyaunganishe ubavu kwa ubavu, tuyapange juu na chini kwa UNION ALL, malipo yakiwa na alama ya kutoa. Jedwali la wakulima ndilo tunaliunga mwishoni, na hilo halina hatari, kwa kuwa kila mkulima ana mstari mmoja tu humo. Tazameni skrini:

WITH matukio AS (
  SELECT mkulima, tarehe, 1 AS aina, namba, thamani AS kiasi FROM mapokezi
  UNION ALL
  SELECT mkulima, tarehe, 2, namba, -kiasi FROM malipo
)
SELECT w.jina, m.tarehe, m.kiasi,
  SUM(m.kiasi) OVER (PARTITION BY m.mkulima
    ORDER BY m.tarehe, m.aina, m.namba
    ROWS UNBOUNDED PRECEDING) AS salio
FROM matukio m
JOIN wakulima w ON w.namba = m.mkulima
ORDER BY m.mkulima, m.tarehe, m.aina, m.namba;

Namba 17 anasomeka 400,000, kisha 650,000, yakaja malipo ikashuka 350,000, ikapanda 700,000, ikaishia 500,000. Mkopo wa pembejeo ukija, ni SELECT ya tatu chini ya hizo mbili. Hakuna kinachovimba.

Neno ALL msilidharau. UNION tupu hufuta mistari inayofanana kila kitu, na mtu akiondoa safu ya namba ya stakabadhi, mizigo miwili ya siku moja yenye thamani sawa inabaki mmoja.

Neno ROWS nalo lina kazi: linajumlisha mstari kwa mstari. Ukiliacha, kiwango cha kawaida ni RANGE, na RANGE inahesabu mistari inayolingana kwenye ORDER BY kuwa kitu kimoja. Ukipanga kwa tarehe peke yake, mtu aliyeleta mizigo miwili siku moja ataona salio moja limejirudia kwenye mistari yote miwili. Ndiyo maana nimepanga kwa tarehe, aina, kisha namba. Aina ipo kwa sababu stakabadhi namba 52 inaweza kuwepo mapokezi na malipo pia.

Kuhusu PARTITION BY, inayotenga hesabu ya kila mmoja ianze upya, hapa kwetu kuna la kufikiri. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo anayetenga kwa mwaka amechanganya misimu miwili. Lakini hata kutenga kwa msimu kuna sharti: kama deni la pembejeo linavuka kwenda msimu unaofuata, ukitenga umelisamehe bila idhini ya mkutano mkuu. Mimi natenga kwa mkulima tu.

Wenye mifumo ya zamani wataniuliza. Kanzidata ya MySQL ilipata OVER, amri inayotupa salio la kila mstari, kwenye toleo la 8.0, mwaka 2018. PostgreSQL ilikuwa nayo tangu 8.4, mwaka 2009. Kabla ya hapo kila mstari ulirudi nyuma kujumlisha yote yaliyoutangulia, na daftari la mistari 10,000 likadai kusoma mistari 50,005,000. Kama mna uwezo wa kuhama, hameni.

Swali? Karibu, dada.

“Mwalimu, meneja anataka taarifa ya Septemba tu. Nikiweka WHERE ya tarehe, salio linaanza sifuri.”

Ni kweli, kwa sababu WHERE inachuja kabla OVER haijaanza kazi, na Agosti yote inakuwa haipo. Ifunge kwerii nzima hii ndani ya nyingine, chuja Septemba nje. Salio la mstari wa kwanza litakuwa tayari limebeba Agosti.

“Na tukihifadhi salio kwenye safu yake, tusiwe tunahesabu kila mara?”

Hapo sikuungi mkono. Stakabadhi ya tarehe 4 ikifika ofisini tarehe 20, kila salio lililohifadhiwa kuanzia tarehe 4 limeshakuwa la uongo, na itabidi mtu akumbuke kulirekebisha. Hifadhi matukio. Malipo yakikosewa usifute mstari, ongeza mwingine wa kuyarudisha, na salio litajihesabu upya.