Msomaji Mbele ya Habari Iliyoandikwa na Akili Mnemba

Mabibi na mabwana,

Nianze na sentensi moja. Mwishoni mwa mwaka 2022 tovuti ya CNET ya Marekani ilianza kuchapisha makala za fedha zilizoandikwa na akili mnemba, na mojawapo ilimweleza msomaji kwamba akiweka akiba ya dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3, baada ya mwaka atakuwa amechuma dola 10,300. Anachochuma ni dola 300. Sarufi ilikuwa safi na sauti ilikuwa ya mtaalamu, ndiyo maana kosa ambalo mwanafunzi angelibaini kwa penseli lilipita. Makala 77 zilipopitiwa upya mwaka 2023, 41 zilihitaji kusahihishwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba wasomaji wanaozitilia shaka habari za akili mnemba wanaogopa tu mambo mapya. Utafiti wa Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford, uliofanyika katika nchi sita mwaka 2025, ulikuta asilimia 12 tu wakiridhia habari iliyoandaliwa yote na akili mnemba, ilhali asilimia 62 waliridhia iliyoandaliwa na binadamu peke yao. Tafiti za taasisi hiyo zimeonyesha pia kwamba watu huivumilia mashine zaidi katika michezo kuliko katika siasa. Huo si woga. Ni kupima madhara. Idadi ya mabao ikikosewa, walioutazama mchezo wataisahihisha siku hiyohiyo, lakini mgombea akizushiwa wizi, ni nani atakayemrudishia kura zake?

Tena mashine si ngeni katika vyumba vya habari. Tangu mwaka 2014 shirika la habari la Associated Press limekuwa likitumia programu kuandika taarifa za mapato ya kampuni. Gazeti la Los Angeles Times nalo lina programu ya kutangaza matetemeko ya ardhi, na Juni 2017 ilitangaza tetemeko kubwa la kipimo cha 6.8 karibu na mji wa Santa Barbara, California. Tetemeko hilo lilitokea kweli, ila mwaka 1925. Wanasayansi walikuwa wakirekebisha kumbukumbu zao, tahadhari ikatoka kimakosa, na programu ikaiamini. Gazeti lilijitokeza na kueleza kilichotokea. Msomaji alikuwa na mtu wa kumuuliza, na hilo ndilo analolidai leo.

Linalonisumbua zaidi ni suala la lebo, yaani maelezo yanayoambatana na habari kusema kwamba mashine ilitumika. Wasomaji wanataka waambiwe mashine ilipotumika, lakini majaribio yameonyesha kwamba wakiambiwa, imani yao hupungua hata pale ambapo hawaioni habari yenyewe kuwa na makosa zaidi. Mhariri anaweza kushawishika kunyamaza. Nampinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu imani inayopatikana kwa kuficha ni deni, na siku siri itakapofichuka litalipwa na waandishi wote, hata wasiohusika. Isitoshe, utafiti mmojawapo ulikuta kwamba orodha ya vyanzo ilipoambatanishwa na habari, sehemu kubwa ya shaka hiyo iliondoka. Maneno “imeandaliwa kwa msaada wa akili mnemba” hayamwelezi msomaji lolote, kwani hajui kama mashine ilinakili mahojiano kutoka sauti hadi maandishi, ilitafsiri, au iliandika kila neno. Lebo inayostahili jina hilo itaje kazi iliyofanywa na mashine, vyanzo vilivyotumika, na mhariri aliyeisoma habari kabla ya kuiruhusu itoke.