Uso Uliojengwa kwa Watu

Ndugu zangu, itazameni kwanza picha hii ukutani. Mnaona mwanamume mwenye uso mkali na mkono ulioinuliwa. Sasa sogeeni karibu. Uso wote ule ni watu! Wanaume waliovaa winda tu, wamelaliana na kushikana mpaka wakawa paji, shavu na kidevu. Tazameni pua: ni mtu mmoja aliyejipinda, makalio yake ndiyo ncha. Hata mkono ule ni watu.

Aliyeichora, karibu na mwaka 1847, ni Utagawa Kuniyoshi, mzaliwa wa Edo, mji wa Japani ambao leo ni Tokyo. Aliipa jina "Mikake wa kowai ga tonda ii hito da": ukimtazama anatisha, kumbe ni mtu mwema hasa. Kwenye picha yenyewe ameandika kwamba watu wengi wamekusanyika wakamtengeneza mtu mwema, na kwamba bila kusaidiwa na watu, mtu hawi mwema. Sisi tunasema mtu ni watu. Yeye aliyachora maneno hayo kiungo kwa kiungo.

Zilikuwa zama ngumu kwa wachoraji. Mwaka 1842, katika mageuzi ya Mizuno Tadakuni, mshauri mkuu wa serikali, zilipigwa marufuku chapa, yaani picha zilizopigwa kwa mbao zilizochongwa, za waigizaji wa kabuki, michezo ya jukwaani ya Kijapani, na za makahaba maarufu, na hizo ndizo zilizokuwa riziki yao. Kuniyoshi akazidi kuchora mashujaa, paka na utani. Mwaka 1843 alichora jitu la buibui likimsumbua bwana mgonjwa, na watu wa Edo wakaona pale watawala wao wakisemwa. Wapo wanaotafuta siasa hata katika uso huu. Mimi siioni. Naona mtu aliyewapenda watu wa mji wake, akafurahi kuwabananisha pamoja.

Na chapa yenyewe haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchapishaji alitoa fedha na kubeba hasara ikitokea. Kuniyoshi alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaigandisha kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga akiifuata mistari, na mchoro wa asili ukapotea papo hapo chini ya kisu. Fikirieni mkono uliochonga vishungi vile vya nywele, kimoja kimoja, na kila mstari kubaki umesimama kama ukuta mwembamba juu ya ubao! Kisha zikachongwa mbao nyingine za rangi. Mpigachapa akapaka rangi, akaegemeza karatasi kwenye alama iliyochongwa pembeni ili rangi zisipishane, akaisugua kwa kisugulio kilichofunikwa ganda la mwanzi. Rangi moja, kisha nyingine, karatasi baada ya karatasi.

Kuniyoshi hakuishia kwa huyu. Picha tunayoiendea sasa ni ya mwanamke kijana mwenye sura ya kizee, naye amejengwa kwa miili ya watu. Walio nyuma wapisheni wenzenu, kisha nanyi mje hapa mbele. Hii haionekani vizuri kutoka mbali.