Sauti Inapoishia: mazungumzo kuhusu vilima vya Ukingo wa Magharibi

Haya, wa huko nyuma mnanisikia? Sawa. Hilo swali si la maiki tu, lina kazi yake jioni hii.

Mwaka 1858 dola ya Othmani, iliyokuwa inatawala Palestina, ilitunga sheria ya ardhi, na ndani yake kuna ardhi inaitwa mawat, ukoo mmoja na neno letu mauti, yaani ardhi mfu. Sasa utajuaje imekufa? Mtu anasimama mwisho wa kijiji anapiga ukelele kwa nguvu zake zote, pale sauti isipofika tena ndo mauti inaanzia. Walikadiria kama nusu saa ya mwendo kwa miguu. Halafu kuna miri, hii ukiilima inakuwa yako kuitumia, ukiilaza miaka mitatu bila sababu serikali inaweza kuichukua. Mnacheka, lakini Othmani wamekufa zamani na hiyo sheria bado inafanya kazi kule kwenye vilima vya Nablus na Hebroni, miji ya Wapalestina Ukingo wa Magharibi.

Ebu vipigieni picha hivyo vilima. Bondeni ngano, ubavuni mizeituni kwenye matuta ya mawe, juu kabisa mawe matupu, kule unapeleka mbuzi. Na mbuzi halimi! Kwa hiyo kwenye karatasi kilele chote kinasomeka "hakijalimwa". Sisi tulioletewa masetla tunaijua hiyo hadithi ya ardhi tupu. Isitoshe usajili wa ardhi ulioanzishwa na Waingereza na kuendelezwa na Jordan ulikuwa umefika kama theluthi tu Israel ilipoliteka eneo 1967, na 1968 jeshi likausimamisha, basi familia nyingi zina risiti za kodi na kumbukumbu za babu, hati hawana.

Mwanzoni jeshi lilikuwa linachukua ardhi za watu kwa kusema ni usalama. Mwaka 1979 kesi ya Elon Moreh, makazi ya Wayahudi kwenye ardhi ya kijiji cha Wapalestina karibu na Nablus, ikafika Mahakama Kuu ya Israel, na walowezi wenyewe, yaani masetla wa Kiyahudi, wakasema wazi kwamba wao hawakuja kwa ajili ya usalama, wamekuja kwa sababu Mungu aliwaahidi. Mahakama ikasema basi ondokeni, ardhi ni ya watu. Kijiji kikashangilia. Walowezi wakapewa kilima kingine jirani, Elon Moreh ipo huko mpaka leo, na tangu hapo serikali ikaacha kupora kwa amri ya jeshi ikaanza kutangaza vilele kuwa "ardhi ya serikali" kwa ile ile sheria ya 1858. Ukishinda kesi unapewa kilima chako, wao wanapewa cha pili. Hilo mlishike maana litajirudia.

Nisiwe mchoyo, niseme na upande wao. Waisraeli wengi hawasemi Ukingo wa Magharibi, wanasema Yudea na Samaria kama kwenye Biblia, na wanasema ardhi ina mgogoro tu, haikutekwa kutoka kwa dola yenye haki nayo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki Julai 2024 ilitoa maoni kwamba Israel kukaa pale ni kinyume cha sheria na walowezi waondolewe. Israel imeyakataa. Mimi hoja yao naielewa, siikubali, tusonge.

Miaka ya 90, baada ya makubaliano ya Oslo kati ya Israel na Wapalestina, serikali ikaacha kutoa vibali vya makazi mapya, angalau kwa maandishi. Novemba 1998 Ariel Sharon, waziri wa mambo ya nje wakati huo, akawaambia walowezi wakimbie wakashike vilima. Ndo vikaota hivi vijimakazi bila kibali, kwa Kiebrania maahaz, makontena matano, sita, na bendera.

Mfano ninaoupenda ni Migron. Walowezi walilalamika simu zinakatika kwenye kona ya barabara namba 60, karibu na Ramallah. Haya, mnara wa simu ukasimamishwa kilimani. Mnara unataka umeme, ukavutwa. Unataka mlinzi, mlinzi alale wapi, likaja kontena, akaja na familia yake, yakaja makontena mengine, barabara, maji, mwishowe familia kama 50! Mwaka 2005 mwanasheria Talia Sasson, kwenye ripoti aliyoagizwa na serikali yenyewe, akahesabu vijimakazi kama hivyo visivyopungua 105 na akaonyesha wizara ya nyumba ilikuwa inatia hela. Yaani hakina kibali lakini kina bajeti. Wenye ardhi, Wapalestina wa vijiji vya Burqa na Deir Dibwan, walienda mahakamani 2006, wakashinda 2011, Migron ikahamishwa Septemba 2012. Ikahamishiwa wapi? Kilima cha pili, kama kilomita 2 hivi. Si niliwaambia.

Siku hizi hata makontena hayahitajiki sana. Wanaanzisha shamba la mifugo: familia moja ya walowezi, vijana wachache wa kujitolea, kundi la kondoo, droni, wanashika malisho ya maelfu ya dunamu (dunamu nne ni kama ekari moja) na mchungaji Mpalestina hapiti tena.

Zanuta, kusini mwa Hebroni, ni kijiji cha wafugaji wa Kipalestina, na shamba la namna hiyo lilianzishwa karibu yake. Mwishoni mwa Oktoba 2023, wiki chache baada ya vita vya Gaza kuanza, watu kama 250 walifungasha, baada ya vitisho na kupigwa. Mwaka uliofuata mahakama ikasema warudi, Agosti wakarudi, wakakuta nyumba zimebomolewa, shule nayo chini, na kujenga upya hawaruhusiwi. Wakalala hapo na kondoo zao kati ya vifusi, kisha wengi wakaondoka tena.

Haya, maswali. Mzee wangu pale nyuma, maiki haifiki huko, we sema kwa nguvu tu.