Jinsi ya kuchambua kava la jarida la muziki kwa ajili ya projekti yako, hatua kwa hatua

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tunachambua kava la jarida la muziki, maana nimeulizwa sana na wanafunzi wa media na wa dizaini, wengine wako vyuo vya hapahapa Bongo, wengine wako Uingereza wanasoma A-level, na swali ni lilelile: nimepewa kava, sasa naandika nini? Chukua kalamu, mkasi na karatasi nyeupe mbili tatu, tutazitumia kweli kabisa.

Kabla hatujaanza. Wengi wetu tukipewa kava tunaorodhesha vitu. Jina la jarida liko juu, lina rangi nyekundu, nyekundu ni mapenzi na hatari, msanii anaangalia kamera, bakodi iko chini kulia, kazi imeisha. Mimi projekti yangu ya kwanza niliandika hivyohivyo kurasa nne nzima, mwalimu akanirudishia na neno moja pembeni, "halafu?" Iliniuma sana lakini alikuwa na haki, kwa sababu yule mwalimu kava analiona kwa macho yake, hahitaji umsomee kilichopo. Anachotaka umwambie ni picha na maneno vinafanyiana nini pale juu, nani anamshinda mwenzie na kwa nini. Hilo ndo tunalitafuta leo mwanzo mpaka mwisho.

Hatua ya kwanza, chagua makava mawili ya jarida moja. Usichukue moja peke yake, ukiwa na mawili utaona nini kimebaki vilevile na nini kimebadilika, hapo tayari una la kusema. Mimi natumia Rolling Stone la Marekani, jarida lililoanza San Francisco Novemba 1967, na toleo la kwanza kabisa lilimweka John Lennon, yule mwimbaji wa Beatles. Makava yangu ni la tarehe 22 Januari 1981 na la Agosti 2013. Yatafute yote mawili sasahivi, simamisha video, uyaweke mbele yako.

Hatua ya pili ni kupata nakala safi. Zile skrinishoti za kwenye mitandao mara nyingi zimekatwa pembeni au mtu ameongeza mwanga, sasa unaanza kuchambua rangi ambayo mbunifu hakuiweka. Kama jarida lako ni Vibe au Spin au Billboard, ingia Google Books, matoleo mengi ya zamani yako pale mazima mpaka na matangazo yake. Printi kwa rangi, na kama unaweza jua ukubwa halisi wa jarida. Rolling Stone kwa miaka mingi lilikuwa kubwa kuliko majarida ya kawaida, mwaka 2008 likapunguzwa likawa saizi ya wenzake, 2018 likakuzwa tena. Sura ya mtu kwenye karatasi kubwa haikupigi sawa na kwenye simu, kwahiyo usichambue kava kwa ukubwa wa kiganja.

Hatua ya tatu ni fupi. Geuza karatasi, hesabu sekunde kumi ukiangalia kava, geuza tena, alafu andika ulichokumbuka kwa mpangilio uliokujia kichwani. Usisahihishe. Ile orodha ndio njia ambayo jicho lako limepita, na mbunifu aliipanga hiyo njia kwa makusudi. Kama umekumbuka macho ya mtu kabla ya jina la jarida, hiyo ni taarifa, itunze.

Sasa hatua ya nne, hii ndo moyo wa somo, nenda nayo taratibu. Kata vipande vya karatasi vya kutosha kufunika kila fungu la maneno kwenye kava. Funika maneno yote ibaki picha tu. Jiulize huyu ni nani na ananitaka nini. Alafu funua kipande kimoja kimoja, kila ukifunua andika kilichobadilika kwenye picha. Narudia hapo, kwenye picha. Picha haijaguswa lakini utaiona imebadilika.

Tuanze na la 1981. Ukitaka kufunika maneno utashangaa, hakuna cha kufunika. Hakuna kichwa cha habari hata kimoja, juu kuna jina la jarida na vile vimaandishi vidogo vya kawaida, basi. Chini yake John Lennon yuko uchi, amejikunja kama mtoto aliye tumboni, amemkumbatia mke wake Yoko Ono na kumbusu shavuni, na Yoko amevaa nguo nyeusi, nywele zimetandazwa, macho yake yanaangalia pembeni. Picha ilipigwa na Annie Leibovitz nyumbani kwao, jengo la Dakota, New York, tarehe 8 Desemba 1980, na usiku wa siku hiyohiyo Lennon akapigwa risasi pale nje ya jengo na kufa. Jarida linatoka wiki kadhaa baadae, dunia nzima ya muziki inajua kilichotokea, wahariri wangeweza kuandika chochote pale, miaka ya kuzaliwa na kufa, maneno ya kuaga, jina lake kwa herufi kubwa, na wakaacha wazi. Sasa chukua kipande cha karatasi, andika "Buriani John Lennon", kibandike pale chini. Angalia. Si umeona? Mara moja imekuwa tangazo la msiba, na yule mwanaume aliyejikunja, ambaye sekunde moja nyuma alikuwa mume anayemng'ang'ania mkewe, amegeuka kuwa maiti. Ondoa karatasi anarudi kuwa hai. Kwenye projekti yako usiandike "kava halina maandishi mengi", andika kwamba kukosekana kwa maneno kunamwacha msomaji alete msiba wake mwenyewe, maana mbele yake amewekewa mapenzi tu. Mwaka 2005 chama cha wahariri wa majarida cha Marekani kililichagua hili kuwa kava bora la miaka 40 iliyopita, na mimi nikiliangalia mpaka leo nanyamaza kidogo.

Haya, la pili, Agosti 2013. Funika maneno yote. Unaona kijana, nywele za mawimbi zimemshukia usoni, anakuangalia kwa upole, picha ina ule ukungu laini, ungeniambia ni mwimbaji mpya wa bendi ningeamini. Sasa funua. Ni Dzhokhar Tsarnaev, mmoja wa ndugu wawili waliolipua mabomu kwenye mbio za Boston Marathon Aprili 2013, mabomu yaliyoua watu watatu na kujeruhi mamia. Na maneno yaliyo pale chini hayamsifii kabisa, yanamwita mlipuaji, yanasema amegeuka zimwi. Lakini watu walikasirika vibaya, meya wa Boston akaandika barua ya kulalamika, na maduka makubwa kama CVS na Walgreens yakakataa kuliuza.

Kinachonivutia hapa ni kwamba picha hiyohiyo, aliyojipiga mwenyewe, gazeti la New York Times lilikuwa limeshaiweka ukurasa wa mbele mwezi Mei na moto haukuwaka namna ile. Kwanini? Fanya jaribio, andika jina la gazeti la habari kwenye kipande cha karatasi, bandika juu ya maneno Rolling Stone. Picha inatulia, inakuwa picha ya mtuhumiwa. Ondoa kipande, kijana anarudi kuwa staa. Kwa sababu pale mahali, chini ya yale maandishi, wamekaa Lennon na mpiga gitaa Jimi Hendrix na wengine kwa miaka zaidi ya arobaini, na ile sehemu yenyewe imeshajifunza kusema "mpende huyu". Maneno yanasema zimwi, mahali panasema staa, mahali pameyashinda maneno. Ukiliona hilo kwenye kava lako wewe mwenyewe, hata kwa kiasi kidogo, umepata hoja ya kurasa mbili.

Na kama mwalimu wako anataka uweke nadharia, hapa ndo pa kumweka Roland Barthes, yule Mfaransa. Usimtupie mwanzoni kama pambo. Yeye mwenyewe mfano wake maarufu ni kava la jarida, Paris Match la miaka ya 1950, alilopewa akiwa kwa kinyozi, kijana Mweusi kwenye sare ya jeshi la Ufaransa anapiga saluti. Alichofanya ni kutenganisha ngazi mbili, ya kwanza ni kinachoonekana, askari anapiga saluti, ya pili ni kinachouzwa kupitia hicho, kwamba himaya ya Ufaransa ni tukufu na wana wake wote wa kila rangi wanaitumikia kwa moyo. Kwahiyo kwenye vile vipande vyako vya karatasi, kila ulichoandika gawa hivyohivyo, naona nini, nauziwa nini.

Hatua ya tano, jina na herufi. Usiseme "fonti ni kubwa ili ivutie", kila jina la jarida ni kubwa. Uliza lilitoka wapi. Herufi za kwanza za Rolling Stone zilichorwa na Rick Griffin, mchoraji wa mabango ya matamasha ya San Francisco, ndo maana zilikuwa na mikia na mikunjo ya mabango ya miaka ile. Kerrang! la Uingereza, lililoanza 1981 likiwa na Angus Young, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya AC/DC, kwenye kava, jina lenyewe ni mlio wa gitaa la umeme likipigwa kwa nguvu, na herufi zake zina nyufa kama kioo kilichopasuka, yaani unalisikia kabla hujalisoma. Q nalo, lililoishi kuanzia 1986 mpaka 2020, lilikuwa herufi moja nyeupe ndani ya kiboksi chekundu. Sasa niambie, ule wekundu ni mapenzi? Ni hatari? Hapana, ule wekundu ni wa kukufanya uliokote haraka kwenye rafu yenye majarida hamsini. Angalia pia kama kichwa cha msanii kimeziba baadhi ya herufi za jina. Jarida linaloruhusu hivyo linajiamini kwamba utalitambua hata likiwa nusu, na wakati huohuo linamwambia msanii wewe ni mkubwa kuliko sisi mwezi huu.

Hatua ya sita, mwili na macho, ntapita haraka kwa sababu wengi mnajua. Anakuangalia au anaangalia pembeni, kamera iko chini yake au juu yake, mikono inafanya nini, amevaa nini na kipi amevuliwa. Kitu kimoja tu, kama kuna mwanamke na mwanaume kwenye kava moja, linganisha nani kavaa na nani hajavaa. Rudi kwa Yoko na John uone walivyogeuza kile ambacho majarida mengi yanafanya.

Hatua ya saba ni biashara, watu wanairuka na ndipo maksi zilipo. Kama umewahi kupita kwenye meza ya magazeti pale stendi unajua watu wanasimama wanasoma vichwa vya habari bure alafu wanaondoka. Kule Uingereza na Marekani majarida mara nyingi yanapangwa kwenye rafu yakifunikana, inabaki inaonekana theluthi ya kushoto tu, ndo maana utakuta maneno ya kuvutia yamerundikana upande huo. Chukua karatasi yako, funika theluthi mbili za kulia, uone kava bado linauza au limekufa. Alafu chukua NME, jarida la muziki la London lililoanza 1952. Kufikia 2015 lilikuwa linauza nakala kama 15,000 hivi kwa wiki, Septemba mwaka huo likaanza kugawiwa bure kwenye vituo vya treni na vyuo, zaidi ya nakala 300,000, na wa kwanza kuwekwa kwenye kava alikuwa Rihanna. Ukigawiwa mkononi hakuna rafu tena, kava linapaswa kumpata mtu yeyote anayekimbilia treni, sio mpenzi wa bendi fulani za gitaa, na waigizaji wa filamu nao wakaanza kuingia. Machi 2018 toleo la kila wiki la karatasi likasimama. Kwahiyo kabla hujasema mbunifu alipenda nini, sema jarida lilikuwa linalipwa na nani, msomaji au mtangazaji.

Mwisho ni kuandika. Usifuate mpangilio wa kava kutoka juu kwenda chini, anza na lile badiliko kubwa uliloliona ulipofunua karatasi. Nikusomee aya moja niliyoandika mimi: "Kava la Agosti 2013 linatumia maneno ya kulaani chini ya picha laini ya kijana anayemtazama msomaji. Picha hiyo ilipotokea gazetini ilisomwa kama habari, ilipowekwa chini ya jina la jarida la muziki ikasomwa kama heshima, kwa sababu wasomaji walishazoea kuwaona wasanii wanaopendwa mahali hapo." Sentensi mbili, hakuna hata sehemu nimesema fonti. Aya ya pili sasa unaleta la 1981, unaonyesha jarida lilelile lilivyojua kunyamaza, na hapo ndo unaingiza herufi, rangi na macho kama ushahidi.

Chini ya kila picha kwenye slaidi zako andika jina la jarida, tarehe ya toleo na jina la mpiga picha. Na vile vipande vya karatasi usivitupe, vipige picha vikiwa juu ya kava, kabla na baada, uviweke kwenye projekti, mwalimu aone mwenyewe picha inavyobadilika.