Mpangaji Kahama, Deni Limebaki

Ndugu zangu, habari za jioni. Nawashukuru waandaaji, na nawashukuru ninyi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kunisikiliza nikizungumzia mchezo ambao wengi wetu humu ndani hatujawahi kuucheza: futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai na wachezaji waliovaa helmeti. Sheria zake tuziache. Nataka tuzungumze kuhusu viwanja vyake, nani anavilipia, na inakuwaje timu inafungasha virago na kwenda zake wakati mji ulioijengea uwanja bado unadaiwa.

Tutautazama zaidi mji mmoja, St. Louis, jimbo la Missouri, kando ya mto Mississippi.

Ili tuelewane, anzeni na klabu mnazozijua. Yanga imeanza 1935, Simba 1936. Hakuna mtu humu aliyewahi kulala na wasiwasi kwamba asubuhi ataamka asikie Yanga imehamia Mwanza kwa sababu Mwanza wameahidi uwanja wenye viti vizuri zaidi. Wazo lenyewe halimjii mtu. Kule Marekani linamjia kila shabiki, kwa sababu timu ni mali ya mwenyewe, na NFL, ligi kuu ya mchezo huu, ina timu 32 tu. Idadi hiyo wanaipanga wenye timu wenyewe. Hakuna kupanda daraja wala kushuka. Vijana wa mtaani hawawezi kuunda timu, wakashinda, wakapanda mpaka juu. Mji usio na timu una njia mbili: uombe kuongezwa, au uchukue ya wenzako.

St. Louis walichukuliwa yao. Walikuwa na Cardinals, waliokuja kutoka Chicago mwaka 1960, na baada ya msimu wa 1987 mwenye timu akaipeleka Arizona. Wakuu wa mji wakaamua jambo ambalo nadhani ndilo kosa lililozaa mengine yote: wakajenga uwanja kwanza, ndipo watafute timu. Ukajengwa uwanja wenye paa la kuba kubwa katikati ya mji kwa mkopo wa hatifungani za miaka 30. Kila mwaka jimbo lilipe dola milioni 12, mji milioni 6, na kaunti milioni 6. Jumla milioni 24 kwa mwaka. Sasa timu ya NFL wakati ule ilicheza mechi 8 za ligi nyumbani kwake kwa msimu mzima. Gawanyeni. Ni dola milioni 3 za walipa kodi kwa kila mechi, na shabiki bado hajanunua tiketi yake.

Ukishajenga nyumba ikasimama tupu na riba inakimbia, unakuwa mwenye nyumba wa namna gani? Unakuwa yule anayemkubalia mpangaji kila anachotaka. Timu iliyopatikana ni Rams, walifika mwaka 1995 kutoka eneo la Los Angeles, mwenye timu akiwa Georgia Frontiere, mzaliwa wa St. Louis. Mkataba wa pango ulikuwa wa miaka 30. Ndani yake kulikuwa na kifungu ambacho kila nikikifikiria roho inaniuma: kwamba uwanja ule lazima uwe katika robo ya juu ya viwanja vyote vya ligi, upimwe mwaka 2005, upimwe tena 2015. Ukishindwa kipimo, mkataba wa miaka 30 unageuka kuwa wa mwaka mmoja mmoja, na mpangaji yuko huru.

Hebu fikirini. Wewe ni mwenye nyumba. Unamwahidi mpangaji kwamba nyumba yako itakuwa bora kuliko robo tatu ya nyumba za mtaa mzima, miaka 20 mfululizo, na huku majirani wote wanapiga ghorofa. Robo ya juu ina nafasi nane tu. Wengine wakijenga, wewe unashuka hata kama hujaharibu tofali moja.

Mtaniuliza, uwanja wa miaka kumi unazeekaje? Zege halijapasuka. Jibu liko kwenye mgawanyo wa mapato. Fedha za televisheni, tangu sheria ya 1961 iliyoruhusu ligi kuuza matangazo yake kwa pamoja, zinagawanywa sawa kwa timu zote. Hata viingilio vya mlangoni, sehemu inakwenda kwa timu ngeni. Lakini vile vyumba vya kifahari vyenye vioo ambamo makampuni hukaribisha wateja wao, pamoja na mabango na haki ya kuuza jina la uwanja, mapato yake kwa sehemu kubwa hubaki kwa mwenye timu. Kwa hiyo uwanja "mzee" ni uwanja wenye vyumba vichache vya aina hiyo. Kiti cha mzee anayekuja na mjukuu wake hakijawahi kuwa sababu ya timu kuhama.

Sitaki kuwafanya watu wa St. Louis waonekane wajinga. Walipata raha, na raha hiyo ilikuwa ya kweli. Tarehe 30 Januari 2000, fainali ya Super Bowl, mjini Atlanta. Rams wanaongoza 23 kwa 16, sekunde zinakwisha, na Tennessee Titans wanakuja. Kevin Dyson wa Titans anadaka mpira, anageuka kuelekea mstari ambao mpira ukiuvuka, timu inapata pointi. Mike Jones wa Rams anamshika miguu. Dyson anaanguka huku amenyoosha mkono wenye mpira mbele kabisa, na mpira unaishia yadi moja kabla ya mstari. Mchezo umekwisha. Mtu aliyeshuhudia kitu kama kile akiwa na baba yake hawezi kuambiwa ni hesabu za riba tu.

Ila angalieni nani walikuwa uwanjani siku ile. Miaka sita nyuma, Rams walikuwa timu ya Los Angeles, na hao Titans walikuwa wakiitwa Oilers, timu ya Houston. Pande zote mbili walikuwa wahamiaji. Mji mmoja ukifurahia timu yake mpya, upo mwingine uliofiwa. St. Louis nao walishangilia juu ya kilio cha watu, na naona tuwe wakweli kulisema hilo kabla hatujawaonea huruma.

Mwaka 2010 timu yote ikawa mikononi mwa Stan Kroenke. Huyu ni mtu wa Missouri. Jina lake kamili ni Enos Stanley, alilopewa kwa heshima ya wachezaji wawili mashuhuri wa besiboli wa St. Louis. Timu ikadai uwanja ukarabatiwe kufuatana na kile kifungu, wasuluhishi wakaupitisha mpango wa timu wa takriban dola milioni 700, na mji ukakataa. Januari 2014 Kroenke akanunua ekari 60 Inglewood, karibu na Los Angeles. Wakuu wa Missouri wakahaha, wakaleta mpango wa uwanja mpya kando ya mto, zaidi ya dola bilioni moja, kiasi cha milioni 400 zikitoka kwa umma. Haikusaidia. Tarehe 12 Januari 2016, kwenye hoteli mjini Houston, wenye timu walipiga kura 30 kwa 2. Rams wakaenda. Kuba likabaki, na walipa kodi wakaendelea kulipa miaka kadhaa kwa ajili ya mpangaji ambaye hayupo.

Hapa ndipo mjadala wa fedha za umma na fedha binafsi unapopotoka, na ndiyo sababu niliyoitikia mwaliko huu. Uwanja mpya wa Inglewood, SoFi, uliofunguliwa 2020, ulijengwa kwa fedha binafsi, zaidi ya dola bilioni 5. Watu wakasema: mnaona, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa mlipa kodi wa Inglewood, naam, ni afadhali kubwa. Lakini St. Louis iliachwa kwa sababu ya uwanja uliojengwa kwa fedha binafsi. Oakland, mji wa California uliokuwa na timu ya Raiders, iliachwa kwa sababu ya uwanja wa fedha za umma: jimbo la Nevada liliidhinisha dola milioni 750 kutokana na kodi ya vyumba vya hoteli, Raiders wakahamia Las Vegas, na Oakland pamoja na kaunti yake bado walikuwa wanalipia mkopo wa kukarabati uwanja wao wa zamani. Chanzo cha fedha kilikuwa tofauti, na wote wawili wameachwa. Swali la nani analipa haliwezi kutenganishwa na swali la nani ana haki ya kuondoka, na mikataba hii inalijibu la kwanza kwa kurasa mia huku la pili ikiliachia mwenye timu.

Kuhusu ajira na biashara zinazoahidiwa, sitakaa sana. Wachumi wamelipima jambo hili tangu miaka ya tisini, akina Roger Noll na Andrew Zimbalist, na matokeo yamekuwa yale yale: familia ikitumia dola 200 uwanjani, mara nyingi ni zile ambazo ingezitumia mgahawani au sinema katika mji huo huo. Mji ukisema wazi kwamba unalipia furaha kama unavyolipia bustani, na wananchi wakapiga kura, mimi sina ugomvi nao.

Tena upo mfano. Green Bay, Wisconsin, watu kama laki moja tu. Timu yao, Packers, ina wanahisa zaidi ya nusu milioni, hawapati gawio, na hisa zao hazina soko. Mwaka 2000 wapiga kura wa kaunti ile walikubali kodi ya nusu senti kwa dola kukarabati uwanja, na kodi ile ikakoma 2015. Hizo ni fedha za umma waziwazi, lakini timu haina pa kwenda. Na kanuni za ligi leo haziruhusu mji mwingine wowote kuunda timu ya namna hiyo. Hilo ndilo ninalotaka muondoke nalo kifuani likiwachoma.

Mama yangu pale nyuma ameniandikia swali: St. Louis walipata chochote? Ndiyo, mama. Mwaka 2017 walishtaki ligi kwa kukiuka taratibu zake yenyewe za kuhama, na Novemba 2021 ligi na Kroenke wakakubali kulipa dola milioni 790. Mawakili wakachukua fungu kubwa, na mji ukapata milioni 250. Huo huo mwaka 2017, wananchi walikuwa wamekataa kwa kura kutoa dola milioni 60 kwa uwanja wa soka, soka yetu hii. Wengi wakasema basi, soka haitakuja. Timu ilikuja, wenye timu wakalipa sehemu kubwa kabisa ya uwanja, na inacheza tangu 2023.

Na zile milioni 250, mji ulibishana miaka juu ya matumizi yake. Kisha tarehe 16 Mei 2025 kimbunga cha tornado kikapita kaskazini mwa St. Louis, kikang'oa mapaa kwenye mitaa ya watu wasio na bima. Madiwani wakatenga dola milioni 30 kutoka kwenye riba ya fedha za Rams kuwasaidia waathirika, ikiwemo kutengeneza nyumba zao.