Nani Shahidi wa Jicho?

Ndugu zangu wa Kisumu, hamjambo. Asanteni kwa kuja. Leo tunauliza: kuziamini hisi zetu, jicho na guso, je, hiyo nayo ni imani?

Mezani hapa pana beseni tatu. Ya kwanza ina maji ya moto ya nyuzi 40, ya tatu imetiwa barafu hadi nyuzi 15, na ya kati ina maji ya mfereji, nyuzi 28. Tia mkono wa kushoto kwenye moto na wa kulia kwenye baridi, uvumilie dakika moja unusu. Kisha itumbukize yote miwili katika beseni ya kati. Wa kushoto utasema maji ni baridi, wa kulia utasema yana moto. Mtu mmoja, beseni moja, ushahidi unaogongana. Anayechomoa mikono baada ya sekunde chache huambulia patupu, kwa sababu ngozi huhitaji muda kuzoea. Kazi yake kubwa ni kuleta habari za joto linalopanda au kushuka, na kiwango chenyewe haikijui vizuri. Maji ya moto yasizidi nyuzi 42, tusije tukaunguzana.

Basi tunakiita kipimajoto kiamue. Kinasema 28. Lakini hicho kipimajoto tumekisoma kwa kutumia nini? Kwa jicho. Hatujatoka katika baraza la hisi hata kidogo: tumemshusha shahidi mmoja kizimbani, tukampandisha mwenzake. Na anayetaka kukihakiki kipimajoto hapa Kisumu atachemsha maji akitarajia 100, apate karibu 96. Nakuru atapata karibu 94. Kifaa ni kizima. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa imepungua, na maji huchemka mapema. Asiyelijua hilo atatupa kifaa kinachosema kweli.

Jicho nalo lisivishwe joho la hakimu. Teremkeni ufuoni Dunga mtazame upondo unapoingia ziwani: umepinda. Upapaseni: umenyooka. Nuru hubadili mwelekeo inapotoka majini kuingia hewani, ndiyo maana samaki aliye mita moja chini, ukimtazama wima kutoka juu, huonekana yuko kama sentimita 75 tu. Anayemchoma kwa mkuki kutoka kando hulenga chini ya pale anapomwona. Angalieni tulichofanya: kwenye upondo tumeliamini guso tukalikana jicho, na kwenye beseni tuliliamini jicho tukalikana guso.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko hayo. Chukua karatasi nyeupe, chora msalaba mdogo upande wa kushoto, na doa jeusi la upana wa sentimita 1 upande wa kulia, umbali wa sentimita 8. Fumba jicho la kushoto. Ukaze jicho la kulia kwenye msalaba, karatasi ikiwa sentimita 40 mbele yako, kisha uivute polepole. Karibu na sentimita 30 doa litatoweka. Likikataa, huenda jicho limechungulia doa, au karatasi imeinamishwa, au umefumba jicho lisilo lake. Pale doa lilipoangukia ndani ya jicho ndipo mshipa wa jicho unapotokea kwenda kwenye ubongo, na hapana chembe za kupokea nuru. Pengo hilo tunalo maisha yote, na hakuna anayelihisi. Ubongo hulijaza weupe wa karatasi, kimya kimya.

Waebrania 11:1 inasema imani ni «bayana ya mambo yasiyoonekana». Mtu atauliza, kuona kuna haja gani ya imani, hali kitu kiko mbele yangu? Kitu kiko mbele yako, sawa. Lakini uaminifu wa jicho hauko mbele yako, huo hauonekani. Ukisema jicho ni la kweli kwa kuwa limekusaidia jana na juzi, hiyo jana uliijuaje?

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliikabili shaka hii. Kivuli huonekana kimesimama, kumbe kinasogea. Nyota huonekana ndogo kama dinari, kumbe ni kubwa kuliko dunia. Shaka ilimkaa kama miezi miwili, na yeye mwenyewe alisema aliyemtoa ni Mungu, kwa nuru aliyomtia kifuani, wala hakutolewa na hoja. Mwaka 1764 mwanafalsafa Mskoti Thomas Reid aliuliza: kwa nini niiamini akili kuliko hisi, na zote zimetoka karakana moja?

Nakubaliana na Reid. Imani ipo hapa, na ipo mwanzoni kabisa, kabla ya hoja ya kwanza. Ila nakataa kuiita imani ya kipofu. Kipimajoto kiliukosoa mkono, mkono ukalikosoa jicho, elimu ya hewa ikakiokoa kipimajoto. Tunampokea shahidi kwanza bila dhamana, kisha tunamhoji kwa wenzake, mmoja mmoja. Kuwahoji wote kwa pamoja hatuwezi, maana tungemhoji kila mmoja kwa kumtumia nani?

Maji ya moto yamepoa wakati tukizungumza. Tutayaongeza kutoka kwenye chupa ya chai hadi yarudi 40, halafu safu ya mbele waje. Kushoto moto, kulia baridi, na asiyeiona saa ahesabu polepole hadi 90.