Nani Ameitumia kwa Miaka Ishirini?

ODONGO: Karibuni tena katika kipindi chetu, ninyi mnaotusikiliza kutoka Kampala, Jinja, Gulu, Arua na kwingineko. Mimi ni Odongo, na pamoja nami yupo dada Nakato, mfamasia. Msikilizaji wetu mmoja wa Mbale ametuandikia akiuliza kwamba, ikiwa mtu ameshaamua kutumia kilevi, je, si afadhali atumie hizi dawa mpya zinazobuniwa maabara, ambazo hazisikiki zikiua watu wengi, kuliko heroini, bangi au pombe, ambazo madhara yake yamejaa vitabuni? Dada Nakato, nilidhani ungelipuuza swali hili.

NAKATO: Sikulipuuza, mwalimu, kwa sababu hoja hiyo ninaisikia mara nyingi, tena kutoka kwa vijana waliosoma. Pombe inaharibu ini, inaleta saratani, inavunja nyumba. Tunayajua hayo kwa kuwa mamilioni ya watu wameinywa kwa vizazi, wakazeeka nayo, na madaktari wakawapima. Madhara ya muda mrefu hayawezi kuonekana kabla ya muda mrefu kupita. Sasa dawa iliyoingia sokoni mwaka juzi, nani ameitumia kwa miaka ishirini? Hayupo, si hapa Uganda wala kwingineko duniani. Kwa hiyo anayesema dawa fulani haijadhuru watu anasema tu kwamba hakuna aliyepata nafasi ya kuhesabu.

ODONGO: Niruhusu nikupinge kidogo. Mwaka 2010 Profesa David Nutt na wenzake wa Uingereza walichapisha katika jarida la Lancet orodha ya vilevi 20 vilivyopangwa kwa kiwango cha madhara. Pombe ilishika nafasi ya kwanza kwa alama 72 kati ya 100, heroini ikapata 55, na bangi 20. Mefedroni, ambayo ilikuwa miongoni mwa hizo dawa mpya, ilipata 13 tu. Je, wataalamu hao hawamuungi mkono msikilizaji wetu?

NAKATO: Orodha hiyo ninaiheshimu, ila isomwe inavyostahili. Alama zile zinajumlisha madhara anayoyapata mtumiaji mwenyewe na yale yanayowapata wengine, yaani ajali, ugomvi, gharama kwa taifa, na yote hayo yamepimwa katika nchi ambayo watu wazima wengi wanakunywa. Ni kawaida pombe ikae juu. Orodha haisemi kwamba glasi moja ya waragi, pombe kali yetu, ni hatari kuliko sindano moja ya heroini. Ama kuhusu mefedroni, ilikuwa ndiyo kwanza imeenea Uingereza, na ilipigwa marufuku Aprili 2010, miezi michache tu kabla orodha haijachapishwa. Alama 13 ni alama ya mgeni ambaye majirani hawajamfahamu. Lakini katika orodha hiyo hiyo kuna ketamini, iliyopata 15, na hiyo ndiyo ninayotaka tuikazie macho.

ODONGO: Ketamini si ile dawa ya usingizi ya upasuaji?

NAKATO: Ndiyo, na hospitali nyingi za wilaya katika nchi hii zingepata taabu kubwa bila hiyo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1970. Madaktari waliitumia kwa zaidi ya miaka thelathini, wakaijua vipimo vyake, wakaijua tabia yake, na kwa haki kabisa wakaiita dawa salama. Halafu watu wakaanza kuivuta puani kwenye starehe, wengine kila siku, na mnamo mwaka 2007 madaktari wa Kanada wakaripoti jambo ambalo halikutarajiwa: vijana waliokuwa wakikojoa damu, wakienda chooni kila baada ya dakika chache kwa maumivu makali, na kibofu kimesinyaa kiasi kwamba hakiwezi tena kubeba mkojo. Wapo ambao kibofu chao kiliondolewa kabisa. Sasa fikiria, mwalimu, hii ni dawa iliyochunguzwa kuliko kawaida, inayotengenezwa na viwanda vinavyokaguliwa, na bado madhara ya kuitumia mfululizo yalijificha mpaka walipotokea watu wa kuitumia mfululizo. Usalama wa dawa hauambatani na jina lake. Unaambatana na kipimo, njia ya kuitumia na muda wa kuitumia, na ukibadilisha kimojawapo unakuwa umeanza jaribio jipya.

ODONGO: Hapo umenifikisha kwenye mairungi, maana najua wasikilizaji wa Butambala, wanakoyalima, wanasubiri.

NAKATO: Na wasubiri kwa haki, kwa sababu mefedroni na mairungi ni ndugu wa ukoo mmoja. Kiini cha mairungi ni kathinoni, ambayo huanza kupungua nguvu mara tu jani linapokatwa. Ndiyo maana wauzaji hufunga vifungu vyao kwa majani ya mgomba na kukimbizana na saa. Mlaji anatafuna jani baada ya jani, saa mbili, saa tatu, akiweka donge shavuni, na taya lenyewe linachoka kabla damu haijajaa kathinoni. Sisemi mairungi hayana madhara; usingizi unapotea, meno yanaharibika, moyo unakwenda mbio, na mwenye ugonjwa wa akili anaweza kuzidiwa. Lakini jani lina breki zake. Wanakemia walipochukua umbo la kathinoni na kulirekebisha maabara, wakapata unga ambao mtu anauvuta puani kwa sekunde moja, na breki zile zote hazipo.

ODONGO: Sheria nayo haitofautishi sana. Ile sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, kisha mwaka huo huo wabunge wakaipitisha upya. Wakulima wa mairungi walikuwa miongoni mwa walalamikaji.

NAKATO: Mimi si mwanasheria, nitaliacha. Ninachokiona kwa upande wa sheria ni kwamba wabunifu wa dawa hizi huishi katika pengo lake. Serikali inapotaja molekuli fulani na kuipiga marufuku, maabara hubadilisha kipande kidogo na kutoa nyingine ambayo haimo kwenye orodha. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya imeshaorodhesha zaidi ya aina 1,200 za namna hii. Mtumiaji anayedhani ametumia kitu kimoja kwa miaka mitatu huenda ametumia vitu kumi tofauti vilivyouzwa kwa jina moja. Swali la usalama wa muda mrefu linakosa hata kitu cha kuliulizia.

ODONGO: Lakini mtengenezaji hodari, mwenye elimu yake ya kemia, je, hawezi kutengeneza kitu safi?

NAKATO: Ngoja nikueleze kisa cha Marekani. Mwaka 1976 mwanafunzi mmoja wa kemia huko Maryland alikuwa akijitengenezea opioidi, yaani dawa ya jamii ya heroini na mofini, inayofanana na pethidini ya kutuliza maumivu, akiitumia kwa miezi bila tatizo. Siku moja akaharakisha kazi, na ndani ya mchanganyiko kukajitokeza uchafu unaoitwa MPTP. Baada ya siku chache alikuwa hawezi kutembea wala kuzungumza vizuri. Mwaka 1982 jambo lile lile likawapata watumiaji wa heroini bandia huko California: watu wa umri wa ujana na utu uzima wa mwanzo wakaletwa hospitali wakiwa wamekakamaa kama sanamu, macho wazi, akili timamu, mwili hausogei. Daktari William Langston na wenzake wakagundua kwamba MPTP, ikishaingia kwenye ubongo, hugeuka kuwa sumu inayoua seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zile zile zinazokufa katika ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Dawa za Parkinson ziliwarejeshea mwendo kwa kiasi, lakini seli zilizokufa hazikurudi. Mzee wa miaka sabini huupata ugonjwa huo polepole. Wao waliupata ndani ya wiki.

ODONGO: Wasikilizaji watasema hayo ni mambo ya Marekani.

NAKATO: Basi tuje Afrika. Nchini Sierra Leone Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya dharura ya taifa Aprili 2024 kwa sababu ya kilevi kinachoitwa kush. Vijana walidhani ni bangi iliyotiwa nguvu. Sampuli zilipopimwa zikakutwa na bangi bandia za maabara, na nyingine zikakutwa na nitazini, ambazo ni opioidi zilizobuniwa Uswisi miaka ya 1950 na hazikuwahi kuwa dawa ya hospitali. Baadhi yake zina nguvu kuliko fentanili, opioidi kali ya hospitalini. Na tatizo jingine ni jinsi zinavyotayarishwa. Kemikali hunyunyiziwa juu ya majani makavu, lakini haienei sawasawa, kama chumvi iliyorushwa juu ya sufuria isiyokorogwa. Watu wawili wanavuta kutoka pakiti moja. Huyu anacheka, yule anaanguka.

ODONGO: Je, akifikishwa hospitali, vipimo havitaonyesha?

NAKATO: Hapo ndipo wazazi wengi wanapodanganyika. Kile kijiti cha kupima mkojo kinachouzwa madukani kinatafuta mabaki ya THC, yaani kiini cha bangi ya shambani. Bangi bandia haina THC, kwa hiyo kijana amelegea mbele yako na kijiti kinasema ni msafi. Hata maabara ya serikali pale Wandegeya, au nyingine yoyote, haiwezi kuitambua molekuli ngeni bila kuwa na sampuli safi ya kuilinganisha nayo. Tena bangi bandia si bangi iliyozidishwa kidogo. THC hukiamsha kipokezi cha ubongo, yaani mahali inapojishika ili kufanya kazi, nusunusu. Nyingi ya hizi hukiamsha kikamilifu. Ile iliyowaangusha watu 33 mtaani Brooklyn, New York, Julai 2016, ilikadiriwa kuwa na nguvu mara 85 ya THC.

ODONGO: Niulize kwa niaba ya msikilizaji wa Mbale, ambaye bado hajajibiwa moja kwa moja. Kati ya cha zamani na kipya, kipi afadhali?

NAKATO: Nikilazimika kujibu kama mfamasia, hatari inayojulikana inapimika, na inayopimika inatibika. Anayetumia heroini tunajua nalokso, dawa inayoondoa nguvu ya opioidi mwilini, inaweza kumzindua, na tangu 2020 hospitali ya Butabika, Kampala, ina kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini. Kwa nitazini nalokso inaweza kusaidia, ila mara nyingi dozi moja haitoshi; kwa bangi bandia haisaidii kitu. Simwambii arudi kwenye heroini, wala simwambii kwamba pombe ni rafiki. Ninamwambia kwamba ile sababu aliyoitoa ya kuchagua kipya haipo.

ODONGO: Na aliyekwisha kutumia, amepatwa na degedege au hapumui vizuri?

NAKATO: Alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, akimbizwe kituo cha afya, na wanaomleta wabebe pakiti au mabaki yoyote yaliyobaki wamkabidhi muuguzi. Wengi huyatupa njiani kwa kuogopa polisi, na sisi tunabaki kumtibu mtu kwa kubahatisha.